Maswali na Majibu: Programu Inayokubali Kwako na Kukataa kwa Mwenzako

Barua nyingi zilizotufikia mara hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kutumia makontena kuandaa kompyuta za watengenezaji wa programu za wavuti ili kila mmoja wao awe na mazingira yale yale. Tumeanza na ile ya msingi, na zilizofanana tumeziunganisha.

Ndugu Mshauri, sisi ni vijana watatu tunaotengeneza programu ya wavuti kwa ajili ya ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa magharibi mwa nchi. Tunatumia Django, zana ya Python ya kujengea programu za wavuti, na hifadhidata ya PostgreSQL. Mimi nina Ubuntu, mwenzangu ana Windows, na wa tatu amejiunga juzi akiwa na Mac. Kinachokwenda kwangu kinakwama kwao, na huyu mgeni amemaliza wiki nzima akisakinisha vitu bila kuona hata ukurasa wa kwanza. Tumeshauriwa tutumie Docker, zana ya kuendesha makontena. Je, ni lazima, na tuanzie wapi? — Watatu wa Ntinda, Kampala

Si lazima. Mtu anayefanya kazi peke yake, kwenye kompyuta moja na programu moja, anaweza kukaa miaka mingi na mazingira ya kawaida ya Python bila kuhitaji kontena, na anayemlazimisha anamtwisha mzigo bure. Hali yenu ni nyingine: mna mifumo endeshi mitatu, hifadhidata ambayo kila mmoja ameisakinisha kwa namna yake, na pengine matoleo matatu tofauti ya Python. Tatizo haliko kwenye msimbo wenu, bali kwenye yale mambo yasiyoandikwa popote, ambayo kila mmoja aliyafanya siku moja kwenye kompyuta yake na kuyasahau. Faida kubwa ya makontena ni kwamba mambo hayo yanalazimika kuandikwa kwenye faili, faili hizo zinakaa pamoja na msimbo, na mgeni akija anazisoma badala ya kuwasumbua wenyeji.

Kontena si kompyuta ndani ya kompyuta, ingawa wengi hulieleza hivyo. Ni programu inayoendeshwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, kama programu nyingine yoyote, ila kerneli imeitenga: haioni faili wala michakato ya wengine, ina anwani yake ya mtandao, na inaweza kuwekewa kikomo cha kumbukumbu na cha kichakataji. Uwezo huo wa kuweka vikomo ulianza kuingia kwenye Linux toleo la 2.6.24 mwaka 2008. Docker, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 2013, iliurahisisha na kuuongezea njia ya kufungasha programu na kuisambaza. Historia hii inawagusa moja kwa moja. Kwako wewe wa Ubuntu, makontena yatakaa juu ya kerneli yako mwenyewe, kwa hiyo yatakuwa mepesi. Kwa wenzako wa Windows na Mac itabidi kwanza iwashwe mashine pepe ndogo ya Linux, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, nayo hula kumbukumbu hata kabla programu yenu haijaanza.

Kuna vitu vitatu ambavyo nawaomba msivichanganye, kwa sababu barua kadhaa zilizo hapa chini zimetokana na kuvichanganya. Imeji ni kifurushi kilichokamilika na kisichobadilika, chenye Python, maktaba na faili zote za mfumo zinazohitajika. Kontena ni imeji hiyo ikiwa kazini, na ni kitu cha kutupwa: ukilifuta leo na kuunda jingine kesho kutoka imeji ile ile, hupaswi kupoteza chochote cha maana. Voliumu ni mahali palipo nje ya kontena panapotunzwa data isiyotakiwa kutupwa. Kila mnapotaka kuweka kitu, ulizaneni kama mtakihitaji tena kontena likifutwa sasa hivi. Kama jibu ni ndiyo, kisikae ndani ya kontena.

Kwa programu kama yenu zinatosha faili mbili. Ya kwanza inaitwa Dockerfile, nayo inaeleza namna ya kujenga imeji:

```
FROM python:3.12-slim
WORKDIR /kazi
COPY requirements.txt .
RUN pip install -r requirements.txt
COPY . .
```

Ya pili ni compose.yaml, inayoeleza ni makontena gani yaendeshwe pamoja:

```
services:
  wavuti:
    build: .
    command: python manage.py runserver 0.0.0.0:8000
    ports:
      - "127.0.0.1:8000:8000"
    volumes:
      - .:/kazi
    env_file: .env
    depends_on:
      hifadhi:
        condition: service_healthy
  hifadhi:
    image: postgres:16
    env_file: .env
    volumes:
      - hazina:/var/lib/postgresql/data
    healthcheck:
      test: ["CMD-SHELL", "pg_isready -h 127.0.0.1 -U $$POSTGRES_USER"]
      interval: 5s
      retries: 10
volumes:
  hazina:
```

Baadhi ya mistari hiyo inahitaji maelezo. Kwenye Dockerfile, orodha ya maktaba inanakiliwa kabla ya msimbo kwa makusudi: Docker hujenga imeji kwa matabaka na hurudia kazi kuanzia tabaka lililobadilika tu, kwa hiyo mkihariri msimbo peke yake, maktaba hazipakuliwi upya. Anayeandika `COPY . .` juu ya mstari wa pip, kisakinishi cha maktaba za Python, analipa bando kila anapojenga upya baada ya kusahihisha hata nukta moja. Anwani `0.0.0.0` nayo ni ya lazima, kwa kuwa Django ikiachwa na desturi yake husikiliza ndani ya kontena tu, na kivinjari chenu hakitaipata. Ile `127.0.0.1` iliyotangulia poti ni kinga. Bila hiyo Docker hufungua poti kwa mtandao wote mliounganishwa nao, na kwenye Ubuntu hupita hata kando ya ukuta wa moto wa ufw, jambo lisilopendeza mkiwa kwenye Wi-Fi ya mgahawa.

Mstari wa `.:/kazi` unaiingiza folda yenu ya msimbo ndani ya kontena kama ilivyo, ili mkihariri faili kwenye kihariri chenu cha kila siku, mabadiliko yaonekane papo hapo bila kujenga imeji upya. Nimeandika `postgres:16` wala si `latest` kwa sababu `latest` ya leo si ya mwakani, na mgeni wenu atakayekuja baadaye atapata toleo jingine, nanyi mtarudi kwenye kilio mlichoniandikia. Kwenye `.env` wekeni jina la mtumiaji, jina la hifadhidata na nenosiri, kisha muiandike faili hiyo kwenye .gitignore na kwenye .dockerignore, ili isiingie kwenye hazina ya msimbo wala kwenye imeji. Mgeni apewe nakala ya mfano yenye nenosiri la uongo.

Baada ya hapo mnatoa amri `docker compose up`, na kwenye dirisha jingine `docker compose exec wavuti python manage.py migrate`. Maelekezo ya zamani yenye `docker-compose` kwa kistari yaacheni, kwani toleo hilo la kwanza liliacha kuhudumiwa mwaka 2023. Mstari wa `version` uliokuwa ukiandikwa juu ya faili nao hauhitajiki tena.

Yamebaki mambo ya kila mmoja. Wa Windows atumie WSL 2, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, na aweke msimbo ndani ya mfumo wa faili wa Linux, yaani kwenye folda yake ya nyumbani ya Ubuntu, asiuache kwenye `/mnt/c`. Akiuacha huko kila kitu kitakuwa kizito. Ahakikishe pia kwamba hati za ganda, yaani faili za amri zenye mwisho wa .sh, zinahifadhiwa kwa miisho ya mistari ya Linux. Ikibaki ile ya Windows, kontena litakataa kuwaka likidai kwamba faili haipo, ilhali anaiona kwa macho yake. Mstari `*.sh text eol=lf` kwenye .gitattributes unamaliza ugomvi huo. Wa Mac, kama mashine yake ni ya vichakataji vipya vya Apple vilivyoanza mwaka 2020, ajue kwamba atapakua imeji za aina ya arm64 wakati ninyi mna za amd64. Python na PostgreSQL zipo za aina zote mbili, kwa hiyo hatasumbuka mpaka atakapokabidhiwa imeji iliyojengwa kwenye mashine yako. Wewe wa Ubuntu utakuta faili zinazoundwa na amri ya `makemigrations` zinamilikiwa na root, mtumiaji mkuu wa Linux, na huwezi kuzihariri. Ongeza `user: "1000:1000"` chini ya `wavuti`, baada ya kuhakikisha kwa amri `id` kwamba namba yako ndiyo hiyo.

Shikamoo Mwalimu. Nimeandaa makontena mawili, la programu na la hifadhidata, na yote yanawaka. Lakini programu inasema haiwezi kuunganishwa na localhost kwenye poti 5432. Nikifungua hifadhidata kwa amri ya exec, naiona inafanya kazi. Nimebadilisha hata nenosiri, na sasa linakataliwa pia. — Msomaji wa Gulu

Marahaba. Kila kontena lina mtandao wake, na `localhost` ndani yake ni lenyewe. Wewe ukiwa Gulu ukisema unakwenda nyumbani, na ndugu yako aliye Mbale akasema vivyo hivyo, neno ni moja na nyumba ni mbili. Programu yako inagonga mlango wa kontena lake yenyewe, ambamo hamna PostgreSQL. Compose, sehemu ya Docker inayoisoma compose.yaml, huyapa makontena majina kulingana na huduma ulizoziandika, kwa hiyo kwenye mipangilio ya Django weka `HOST` kuwa `hifadhi`, au jina lolote uliloipa huduma hiyo. Poti inabaki 5432, wala huhitaji kuifungua kwa nje ili makontena mawili yaonane.

Nenosiri ni kisa kingine. `POSTGRES_PASSWORD` husomwa mara moja tu, siku hifadhidata inapoundwa kwenye voliumu tupu. Ukiibadilisha baadaye kwenye .env, programu itatumia jipya na hifadhidata itaendelea kudai lile la zamani. Kama data iliyomo ni ya thamani, ingia ndani ya hifadhidata ubadilishe nenosiri kwa amri ya `ALTER USER`. Kama haina thamani, futa voliumu uanze upya, lakini kabla ya kufanya hivyo soma kwanza barua ya msomaji wa Soroti hapa chini. Sheria hiyo hiyo inazihusu hati zinazowekwa kwenye `/docker-entrypoint-initdb.d`, ambazo watu huzihariri mara nyingi na kushangaa kwamba hakuna kinachobadilika.

Ukishavuka hapo huenda ukakutana na hitilafu ya tatu, ambayo huja na kuondoka: programu inawaka upesi kuliko hifadhidata, inakataliwa, inakufa. Neno `depends_on` likiwa peke yake linasubiri kontena lianzishwe tu, halisubiri PostgreSQL iwe tayari kupokea wateja. Ndiyo maana kwenye jibu la kwanza nimeweka `healthcheck`. Ile `-h 127.0.0.1` iliyomo humo si pambo: mara ya kwanza kabisa imeji ya PostgreSQL huwasha seva ya muda isiyosikiliza mtandao ili ijiandae, na kipimo kisicho na anwani hiyo hudanganywa na seva hiyo, kikatangaza uzima kabla ya wakati.

Mimi ni mwanafunzi. Laptopu yangu ni ya Windows yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, na bando nanunua kwa siku. Wenzangu wanasema Docker si ya watu kama mimi. — Mwanafunzi, Mbale

Wenzako wamekosea kuhusu bando, na kuhusu kumbukumbu wana ukweli kiasi.

Tuanze na kumbukumbu. Ukiwa na gigabaiti 4, Windows, mashine pepe ya Linux, kivinjari na kihariri vikiwaka pamoja vitagombania nafasi finyu. Unaweza kuibana mashine pepe kwa kuandika faili ya .wslconfig kwenye folda yako ya mtumiaji, yenye kichwa `[wsl2]` na mstari wa `memory=2GB`, kisha kutoa amri `wsl --shutdown` ili mpangilio uanze kufuatwa. Njia ninayoipenda zaidi kwa hali yako ni kuweka hifadhidata peke yake ndani ya kontena na kuiendesha Python moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa sababu hifadhidata ndiyo yenye usumbufu wa kusakinisha na kuondoa, ilhali mazingira ya Python ni mepesi. Unatoa amri `docker compose up -d hifadhi`, na poti `127.0.0.1:5432:5432` unaiandika kwenye faili ya pembeni iitwayo compose.override.yaml, ambayo Compose huisoma yenyewe, nawe hutaiharibu faili ya wote. Hapo, tofauti na msomaji wa Gulu, `localhost` ndiyo anwani sahihi, kwa kuwa programu yako iko nje ya kontena. Kama huna sharti la kubaki na Windows, kuiweka Ubuntu kwenye laptopu hiyo kutakupa nafuu kuliko mbinu zote hizi.

Kuhusu bando, kitu kimoja kikishapakuliwa na mtu mmoja hakuna sababu ya darasa zima kukipakua tena. Anayeweza kupata mtandao wa chuo apakue imeji, kisha atoe amri hii:

```
docker save -o imeji.tar postgres:16 python:3.12-slim
```

Faili hiyo inakwenda kwenye flashi, na kila anayeipokea anatoa amri `docker load -i imeji.tar`, bila kutumia hata kilobaiti moja ya intaneti. Mkiongeza humo imeji ya programu yenyewe mliyokwisha kuijenga, mpokeaji hatahitaji hata kuzipakua maktaba za Python. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo kwa darasa: Docker Hub, ghala la mtandaoni zinakopakuliwa imeji, huwawekea kikomo wapakuaji wasiojisajili, na hesabu yao hufanywa kwa anwani ya mtandao, kwa hiyo maabara nzima iliyo nyuma ya anwani moja inaweza kufungiwa mlango kipindi kikiendelea.

Angalia pia unachochagua. Imeji ya Python isiyo na nyongeza kwenye jina lake hukaribia gigabaiti 1 ikishafunguliwa, na ile yenye `-slim` haifiki megabaiti 200. Utaona wengine wakisifu `-alpine` kwa kuwa ni ndogo zaidi. Kwa Python siipendekezi sana, kwani inatumia maktaba ya msingi iliyo tofauti na ya Linux nyingi, na baadhi ya vifurushi hulazimika kujengwa kutoka msimbo wa asili, kazi inayohitaji kupakua vitendea kazi vingine, na bando uliloliokoa likatumika huko huko. Mwisho, ubadilishe mstari wa pip uwe hivi:

```
RUN --mount=type=cache,target=/root/.cache/pip pip install -r requirements.txt
```

Kwa njia hiyo, ukiongeza maktaba moja, zile ulizokwisha kuzipakua zinachukuliwa kutoka akiba.

Nilitaka kusafisha makontena yangu, nikatoa amri `docker compose down -v` niliyoiona mahali. Data yote niliyoiingiza kwa miezi imetoweka. Nafanyaje? — Soroti

Pole sana. Herufi hiyo moja, `-v`, maana yake ni kufuta na voliumu, na Docker haina kapu la taka la kurudishia. Kama hukuwa na nakala, data hiyo imekwenda. `docker compose stop` husimamisha, `docker compose down` huondoa makontena na kuacha voliumu yenye jina ikiwa salama, na `-v` huondoa vyote. Kuanzia sasa, jioni ukimaliza kazi toa nakala, ukiweka majina yako mahali pa haya yangu:

```
docker compose exec -T hifadhi pg_dump -U mhudumu ushirika > nakala.sql
```

Faili hiyo ni maandishi ya kawaida, na inaweza kurejeshwa hata kwenye toleo jipya zaidi la PostgreSQL. Jambo hilo lina maana, kwa sababu ukibadilisha `postgres:16` kuwa 17 na kuiachia voliumu ile ile, hifadhidata itakataa kuwaka: faili za toleo kuu moja hazisomwi na jingine. Kwenye toleo la 18 hata njia ya voliumu imebadilika, nayo sasa ni `/var/lib/postgresql` bila `data` mwishoni.

Wasomaji wawili wameuliza kama umeme ukikatika ghafla data huharibika. Kwa kawaida haiharibiki. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye daftari lake la kumbukumbu kabla ya kuligusa jedwali lenyewe, na ikiwaka tena hulisoma daftari hilo na kujirekebisha. Msishtuke mkiona ujumbe wa kujirejesha kwenye skrini, na msiukatize.

Stakabadhi za programu yetu zinaonyesha saa zilizo nyuma kwa saa tatu, lakini kwenye laptopu yangu kabla ya kontena zilikuwa sawa. — Arua

Kontena halirithi majira ya kompyuta yako. Lisipoambiwa kitu hufuata UTC, majira ya marejeo ya dunia, na Uganda iko saa tatu mbele. Hitilafu hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwani kitu kilichopokelewa kabla ya saa tisa usiku kitahesabiwa kuwa cha siku iliyotangulia, na jumla za siku hazitalingana na daftari la karani. Usilitibu kwa kuongeza saa tatu kwenye msimbo. Kwenye mipangilio ya Django acha `USE_TZ` ikiwa `True` ili hifadhidata itunze UTC, na weka `TIME_ZONE = "Africa/Kampala"` ili maonyesho yawe ya hapa. Na kama wateja wako wanataka stakabadhi iandike saa kumi na moja alfajiri badala ya 05:00, hesabu ya kutoa saa sita ifanyike kwenye ukurasa tu, isiguse kilichotunzwa.

Bosi wetu anataka tunakili hifadhidata halisi ya wateja, yenye majina, namba za simu na akiba zao, tuiweke kwenye laptopu zetu zote ili majaribio yawe ya kweli. Docker inarahisisha mno jambo hilo. Kuna ubaya? — Mbarara

Kuna ubaya, na mwambieni kwa heshima lakini mapema. Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019, na ofisi inayosimamia ulinzi wa data binafsi imo ndani ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Data ya mtu hukusanywa kwa lengo alilolikubali, na anayeitunza anawajibika kuilinda. Mwanachama aliyetoa namba yake ili alipwe hakuitoa ili izunguke kwenye laptopu zinazopanda teksi na bodaboda kila jioni. Voliumu ya Docker haifichi kitu: anayeishika laptopu isiyosimbwa diski yake anaisoma data yote.

Bosi ana haki katika jambo moja, kwamba data ya mchezo ikiwa nzuri mno haifichui hitilafu. Suluhisho ni kutunga data mbaya kwa makusudi. Andikeni amri ya Django inayojaza hifadhidata kwa watu wasiokuwapo, na muwape majina marefu, majina ya neno moja, wanachama wawili wenye jina moja kijiji kimoja, na namba za simu zinazoanza na 0, ambazo mkizitunza kama tarakimu badala ya maandishi zitapoteza sifuri yao. Muweke na mwanachama asiye na simu. Amri hiyo ikikaa pamoja na msimbo, kila mmoja anaijaza hifadhidata yake kwa dakika chache, na hata herufi `-v` ya Soroti haiwi msiba tena. Ikibidi kabisa kutumia muundo wa data halisi, majina na namba zibadilishwe kwenye seva yenyewe kabla nakala haijatoka.

Tunajaribuje malipo ya simu tukiwa kwenye laptopu? Na je, ofisi yetu, ambayo ni ya serikali, inaruhusiwa kutumia Docker bure? — Jinja

MTN MoMo ina mazingira ya majaribio kwa watengenezaji, nayo hutumia Euro badala ya shilingi, kwa hiyo sarafu isiandikwe ndani ya msimbo bali itoke kwenye .env. Kwa kazi ya kila siku nashauri muongeze kontena la tatu lenye programu ndogo inayojifanya mtandao wa simu: inapokea ombi, inajibu kwamba limepokelewa, kisha baada ya muda inatoa jibu la `SUCCESSFUL` au `FAILED`. Ifanyeni pia ikae kimya bila kujibu, na ilete jibu moja mara mbili, kwa sababu mteja asiyeingiza PIN na ujumbe unaojirudia ndivyo vinavyovuruga hesabu za watu. Kontena hilo linafanya kazi hata bando likiisha, na halina tatizo la kwamba mitambo ya nje haiwezi kuifikia laptopu yako ili kuleta majibu.

Kuhusu leseni, tenganisha vitu viwili. Docker Desktop, ile yenye dirisha, tangu mwaka 2021 hulipiwa na kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato ya mwaka yanayozidi dola milioni 10, na taasisi za serikali nazo zinatakiwa kulipia. Docker Engine inayosakinishwa moja kwa moja kwenye Linux ni ya leseni huria ya Apache 2.0 na haina masharti hayo. Kama mashine za ofisi ni za Windows, unaweza kuisakinisha Engine hiyo ndani ya WSL 2, au ukatumia Podman, ambayo pia ni huria, inazisoma Dockerfile kama zilivyo, na huendesha makontena bila kuhitaji mamlaka ya root, jambo ambalo wasimamizi wenu wa usalama watalipenda. Compose yake inahitaji kuongezwa kando, na mjaribu faili yenu yote, hasa ile sehemu ya `depends_on`, kabla ya kuwahamishia wenzenu.